Arbuni Iliyokanyagwa
Sehemu ya Tisa

Kitasa bado kiko mkononi mwa Nereida, msomaji. Tulimwacha nje ya ofisi ya Doña Eulalia, mwenye ukumbi, amekuja kudai arbuni, ile pesa ya kushikia ukumbi wa harusi yake. Kabla hajagonga, akasikia sauti ya mwanamume ndani. Sauti aliyoijua tangu anabatizwa.

"Akija huyo binti," sauti ilisema, "mwambie arbuni hairudi, basi. Ukweli usimwambie, Eulalia. Nakupigia magoti."

"Magoti yenyewe unayo?" Doña Eulalia alimjibu, akacheka peke yake.

Nereida akausukuma mlango.

Don Anselmo Treviño alikuwa amesimama katikati ya ofisi, kofia mkononi. Huyu ni padrino wake, baba yake wa ubatizo. Ndiye aliyemshika kichwa kwenye maji ya ubatizo, na ndiye aliyesimama siku ya posa mbele ya ukoo mzima, akainua bahasha nene juu na kutangaza kwamba ukumbi wa harusi ni mzigo wake. Siku hiyo walimpigia makofi mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Mwanangu," alisema.

"Usiniite mwanangu. Ukweli gani huo nisiotakiwa kuujua?"

Don Anselmo alitazama kofia yake. Doña Eulalia alikuwa akijipepea kwa kadi ya harusi ya watu wengine, na kama mnavyomjua, huyu mama ugomvi wa mtu haumharakishi. Alivuta kiti kwa mguu.

"Kaa, bibi harusi. Joto lenyewe hili, mtu hawezi kugombana amesimama."

"Sikai. Nimekuja kuchukua arbuni yangu. Nafunga ndoa keshokutwa, nyumbani kwetu, uani. Tarehe yetu ya Novemba hatuifikii."

Asiyefika Novemba ni baba yake, Don Cuco. Hospitali imemrudisha nyumbani na mapafu yaliyokwisha, na daktari ameiambia familia isihesabu tena kwa miezi. Mzee ameomba jambo moja tu: acheze valsi, dansi ya wawili, na binti yake siku ya harusi, watu wakitazama. Wimbo mmoja. Padre amekubali iwe Jumamosi. Bwana harusi, Eleazar, yuko njiani kutoka visima vya mafuta vya Midland, analala ndani ya lori lake akichoka. Kilichobaki ni hema lenye kiyoyozi, maana kitanda cha hospitali kimeijaza sebule yao yote, na jua la Julai hapa Weslaco lingemmaliza mzee kabla wimbo haujafika kiitikio. Mwenye hema anataka pesa yake leo kabla ya jioni. Na nyumba ile, dawa zimekula kila kitu. Imebaki arbuni.

"Hebu ngoja kwanza," Doña Eulalia alisema. "Padrino wako ulimwambia?"

Nereida alitazama viatu vyake.

"Hukumwambia! Toba! Mtu anakulipia ukumbi, wewe unabadili mawazo, halafu unakuja kudai arbuni yake kwa mlango wa nyuma? Hata mkate mtamu wa kumwombea radhi hukumpelekea? Chelo mama yako kakulea wapi, jalalani?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kwetu harusi haiwi ya mtu mmoja. Keki ina padrino wake wa kuilipia, pete zina wake, ukumbi una wake, na kitu cha padrino hukirudishi akiwa hana habari. Unakwenda kwake Jumapili, unakunywa kahawa yake, unasifia maua ya mkewe, ndipo unalitoa jambo lako. Wiki nzima Nereida alipita na gari mbele ya nyumba ya Don Anselmo, na kila akiikaribia akakanyaga mafuta. Aliona haya. Alisema moyoni atachukua pesa kimyakimya, kueleza kutafuata.

"Aibu ni yangu, nitaibeba," alisema. "Pesa iko wapi?"

"Muulize yeye."

Don Anselmo aliizungusha kofia, akaizungusha tena.

"Nimeichukua," alisema.

"Umechukua nini?"

"Hiyo pesa. Nilikuja mwezi uliopita, Eulalia akanirudishia, nikaila. Nilikuwa na shida zangu."

Wapo mlioniandikia tangu sehemu ya sita mkisema mzee huyu ni mwizi, na yule mama wa Harlingen akataka nimtupe jela kabisa. Haya, mmemsikia kwa kinywa chake. Lakini msikunje gazeti.

"Umeila?" Nereida alisema. "Baba yangu anakufa, Padrino. Jumapili umekaa kitandani kwake. Umemlisha supu kwa mkono wako, umemfuta kidevu. Na wakati wote huo ulikuwa umeshakula pesa ya valsi yake?"

"Ndiyo."

"Na unanijibu ndiyo!"

"Unataka nikujibuje, mwanangu?"

"Nataka unipe sababu! Sema umecheza kamari. Sema una mwanamke. Sema kitu!"

"Shida tu."

"Basi sikiliza. Nisikuone nyumbani kwetu tena. Jumamosi usije. Na siku nyingine ile, unaijua, hiyo pia usije. Ukija nakufungulia mbwa."

Don Anselmo akakubali kwa kichwa. Akaivaa kofia, akaanza kwenda mlangoni akishika ukuta, maana magoti yake hayakunji tena vizuri, yote mawili yamekwisha kwa kazi.

Hapo Doña Eulalia akaitupa ile kadi mezani.

"Ebo! Anselmo, rudi hapa! Mtu mzima hovyo! Mtoto anakuapiza na wewe unaitikia amina?"

"Eulalia, tulikubaliana."

"Wewe ndiye uliyekubaliana. Mimi nilifunga mdomo tu, na sasa mdomo umenichoka." Akamgeukia Nereida. "Binti, hakuna pesa iliyoingia ofisini humu. Hata senti nyekundu. Ile bahasha aliyoipunga siku ya posa ilijaa vipande vya gazeti."

Si gazeti hili, natumaini.

"Haiwezekani," Nereida alisema. "Tarehe yangu umenishikia tangu mwaka jana. Umenishikiaje bila arbuni? Wewe, Doña Eulalia, unayemtoza mtu hata barafu?"

"Sasa umesema la maana. Njoo."

Akawatoa ofisini, akawasha taa za ukumbi. Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vimepandana ukutani, jukwaa halina mtu, na kuanzia mlango wa mbele mpaka mlango wa jikoni imelala sakafu mpya ya vigae, rangi ya maziwa na rangi ya udongo mwekundu, inang'aa mpaka unajiona kidevu.

"Arbuni yako hiyo hapo," Doña Eulalia alisema. "Umeikanyaga. Huyu alinijia akasema, Eulalia, pesa sina, mikono ninayo. Na mimi hapa palikuwa na simenti iliyopasuka, wanawake wananivunjia visigino halafu wanataka niwalipe viatu. Tukaelewana. Sasa unaitaka arbuni? Ing'oe. Nyundo ninayo, nakuazima."

"Eulalia, mwogope Mungu," Don Anselmo alisema.

"Nimekosea wapi? Aliyebadili mawazo ni yeye, si mimi! Nimrudishie nini sasa, vigae? Avipeleke kwa mwenye hema?"

Mzee wa watu alisimama ameinamisha uso. Nereida alimwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwa nini hukusema huna pesa?" alimuuliza. "Nani angekucheka?"

"Wote, mwanangu. Padrino wa ukumbi asiye na pesa? Wangecheka mpaka Krismasi."

"Na leo? Kwa nini useme umeiba? Ungesema tu ulilipa kwa kazi. Kazi ni aibu gani?"

Don Anselmo aliuminya ukingo wa kofia. Alimtazama Doña Eulalia, na Doña Eulalia, ambaye kunyamaza hakujui, akawa anatazama taa.

Jamani, mtu akikiri wizi ambao hakuufanya, kuna kitu kikubwa kuliko wizi anakifunika. Nereida si mjinga. Aliacha kuuliza. Akaanza kutembea kwenye ile sakafu, polepole, akielekea katikati, pale maharusi wanapoanzia valsi.

Hapo palikuwa na ua.

Lilikuwa ua la vigae vyekundu, petali nyembamba zilizopinda, ncha zake zimekutana bila kuacha nafasi ya kupitisha wembe. Nereida alikua na ua hilo. Liko bafuni kwao. Liko kwenye kizingiti cha jikoni cha mama yake. Liko juu ya kaburi la bibi yake, na alikuwepo siku lilipowekwa.

"Padrino," aliita bila kugeuka. "Ua hili nani kakata?"

"Mimi."

"Wewe huwezi."

"Nilijifunza."

"Huwezi! Maisha yenu yote mmefanya kazi pamoja, wewe unalaza vigae, Baba anakata. Hata kona huwezi kukata. Mwenyewe unajitangaza mkishapata bia mbili."

Don Anselmo alitafuta kiti, akakaa.

"Domino," Nereida alisema. "Kumbe zile domino."

Msimu wa baridi uliopita, msomaji, Don Cuco alikuwa akitoka nyumbani kila mchana. Daktari alikuwa ameshamkataza vumbi kwa sababu ya mapafu, asifagie hata kibaraza. Yeye akawa anaaga kwamba anakwenda kwa Anselmo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, wacheze domino. Jioni anarudi na nyusi nyeupe. Wakimuuliza, anasema Anselmo anajifunza kuoka mikate na unga umemlipukia. Nyumba nzima ilicheka. Aliyekuwa akikung'uta mashati yale kwenye kamba ni Nereida, anapiga chafya na kucheka, anasema huyo Padrino mkate wake wa kwanza lazima aulete tuuone.

Mkate haukuletwa, na hakuna aliyeuliza.

"Mlikata kwa maji?" alimuuliza sasa. "Sema mlikata kwa maji, Padrino. Mashine ina sehemu ya maji, vumbi haliruki. Sema."

"Ilikuwa ile wiki ya barafu."

"Sikukuuliza wiki."

"Mabomba yaliganda, mwanangu. Mji mzima ulikosa maji, wewe mwenyewe ulikuwepo. Milango tumefunga kwa baridi. Nikamwambia Cuco tungoje. Akasema tukingoja, Eulalia atampa mtu mwingine tarehe. Nikamwambia toka nje basi, nitakata mimi. Nikaharibu kigae, nikaharibu kingine. Akaninyang'anya mashine, akakata kavukavu. Akasema binti yangu hachezi kwenye sakafu uliyokata wewe, atajikwaa mbele ya wakwe."

Alicheka kidogo aliposema hivyo, na kicheko hicho kikamshinda, akajifunika uso kwa kofia.

"Akaniapisha," alisema humo ndani ya kofia. "Akasema Nereida akijua hatakanyaga ukumbi huu mpaka kufa kwake. Mwambie lolote. Mwambie umekula pesa. Wewe akuchukie tu, utazoea."

Nereida alikaa chini palepale, juu ya ua.

Kuna neno moja sijawahi kuwaambia tangu hadithi hii ianze, nililiweka. Mwaka jana, wakati wa kupanga harusi, Don Cuco ndiye aliyesema tufanyie uani, tutundike taa kwenye miti, tuchinje mbuzi, pesa ibaki. Na Nereida, mezani, mbele yake, alisema: mimi siolewi uani kama kuku.

Maneno yake. Aliyasema akiwa anakata limau, wala hakumtazama. Baba yake alicheka, akasema haya, kuku wangu, tutakutafutia ukumbi.

Sasa alikuwa ameketi kwenye huo ukumbi, akiomba uani.

"Mmemuua," alisema.

"Ndiyo," Don Anselmo alisema.

"Na mimi nimemuua."

"Wewe hapana."

"Mimi ndiye niliyeutaka."

Doña Eulalia alitoa leso kwenye matiti yake, akajipangusa shingo, kisha macho, akijifanya ni joto lilelile.

Simu ya Nereida ikalia. Alikuwa mwenye hema, na sauti yake tu ilitosha.

"Dada, nisamehe sana. Kuna watu wa McAllen wamekuja na pesa mkononi."

"Ulisema mpaka jioni!"

"Nilisema. Lakini nina watoto, dada. Hema limeshapanda gari."

Akakata. Nereida alikaa na simu mapajani. Kisha akainuka, akajifuta pua kwa mkono, akamwendea Doña Eulalia.

"Nipe ukumbi Jumamosi."

"Jumamosi kuna sherehe ya binti wa watu anayetimiza miaka kumi na mitano. Gauni lake halipiti mlangoni, nimeambiwa nitoe bawaba."

"Ijumaa."

"Ijumaa wanapamba. Leo jioni bingo ya parokia." Doña Eulalia alikuwa ameichukua kalenda yake kubwa, na sauti yake, labda kwa mara ya kwanza tangu mumfahamu, ilikuwa imeshuka. "Sikiliza, binti. Arbuni hairudi, hilo lisahau. Lakini inahama. Naweza kukuhamishia siku. Iliyo wazi karibu ni Jumanne. Saa sita mchana."

Nereida akarudi nyuma hatua moja.

Hapa kwetu hakuna mtu anayeoa Jumanne saa sita mchana. Jumanne saa sita, ukumbi huu unafunguliwa kwa jambo moja tu. Watu wanatoka makaburini na nguo nyeusi zenye vumbi pindoni, wanakaa kula wali, maharage na nyama ya mchuzi, na wale wasioonana kwa miaka wanaulizana habari za watoto.

"Jumanne kaa nayo mwenyewe," Nereida alisema.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Kaa nayo!"

Doña Eulalia akafunga kalenda. Don Anselmo alikuwa akitazama mlango kama mtu anayetaka kutoka na hajui kama ameruhusiwa.

"Ukumbi saa hizi una nani?" Nereida aliuliza ghafla.

"Una sisi. Huoni?"

"Mpaka lini?"

"Meza za bingo wanaleta saa kumi na moja."

"Basi sasa hivi. Doña Eulalia, nakuomba. Sina gauni, sina keki, bwana harusi yuko barabarani. Sitaki hata maua yako ya plastiki. Baba yangu aletwe acheze wimbo mmoja kwenye sakafu yake. Akae hata kwenye kiti cha magurudumu, nitamzungusha mimi. Halafu baki na arbuni yako, sitakudai tena maisha."

Doña Eulalia alitazama saa ya ukutani. Akaitazama sakafu, mwendo wa mlango mpaka mlango.

"Nitawasha kiyoyozi," alisema. "Na umeme sikutozi."

Kwa anayemjua Doña Eulalia, huo ni muujiza wa kupelekewa askofu.

Don Anselmo alishatoa funguo za pikapu. Magoti aliyasahau. "Namweka mbele," alikuwa akisema, anahesabu kwa mikono, "mtungi wa hewa katikati, Chelo nyuma na kiti. Kwa barabara ya mfereji hakuna taa za kusimamisha gari. Naendesha kama nimebeba mayai. Mwanangu, mpigie mama yako, mwambie shati jeupe, lile la vifungo vya shaba. Na kofia yake. Bila kofia hatoki yule."

Nereida akavua viatu, akaanza kusogeza viti. Kiyoyozi kikaanza kunguruma. Doña Eulalia alikuwa jukwaani anahangaika na waya za spika, anazitukana. Hewa ya baridi ikashuka juu ya lile ua, na Nereida, akiwa na kiti kila mkono, akajikuta anaimba kwa pua.

Ningekuwa mwandishi mwenye roho nzuri ningekata hapa. Mngelala vizuri.

Simu ikalia. Mama.

"Mama! Mvalishe Baba shati jeupe, Padrino anakuja na gari! Tumepata..."

"Nereida." Mama yake alisema jina tu. "Padre hapokei simu."

"Padre wa nini? Padre ni Jumamosi."

"Mtafute aje leo. Mwambie aje na mafuta matakatifu."

Nyuma ya sauti ya mama ilisikika mashine ya hewa, na chini ya mashine pumzi ya mtu, inakuja, inakawia, inakuja. Nereida aliweka kiti chini. Kisha kingine.

"Mlete kwenye simu."

"Haongei vizuri. Anakuita tangu mchana. Anadhani uko ukumbini."

"Niko ukumbini, Mama."

Mama yake hakuelewa, au hakuwa na nguvu ya kuuliza. "Anataka kujua kama watu wameshafika," alisema. "Anauliza muziki kwa nini hauanzi."

"Mwambie unaanza sasa hivi. Mwambie Doña Eulalia anafunga waya. Mwambie anisubiri, Mama, asikae chini, mimi nakuja."

"Nimemwambia. Njoo. Na Anselmo aje, anamtaka na Anselmo."

Simu ikakatika. Don Anselmo alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Hakuhitaji kuambiwa, alikuwa ameona viti vikishuka.

"Twende, Padrino."

"Ulisema utanifungulia mbwa," alisema.

"Mbwa mwenyewe anakupenda kuliko sisi. Twende."

Mzee akatoka. Nereida akamfuata, na alipofika mlangoni Doña Eulalia akamwita.

Alikuwa ameshuka jukwaani. Kalenda ilikuwa imefunguliwa tena, ameiegemeza kwenye mkono, na kalamu iko tayari. Alikuwa analia waziwazi sasa, bila leso.

"Binti, sitaki kukuuliza hili. Mungu anajua sitaki. Lakini kesho asubuhi mtu atanipigia ataitaka Jumanne, na nikishampa sina kingine cha kukupa. Arbuni ni yenu. Mmeilipa kuliko mtu yeyote aliyewahi kulipa hapa. Niandike?"

Nje, pikapu ya Don Anselmo ilikohoa, ikazima, ikawaka. Honi ikalia.

Nereida alilitazama lile ua katikati ya ukumbi, hewa ya baridi ikilipitia, halina mtu juu yake.

"Andika," alisema.

"Jina?"

"La Baba. Cavazos."

Kalamu ikaandika, kisha ikasimama.

"Na shughuli? Niandike shughuli gani?"

Honi ililia tena, ndefu.

"Jina umeshaandika," Nereida alisema. "Shughuli iache wazi."

Akatoka mbio, miguu mitupu, kwenye lami ya Julai.